Penseli ya Jack Kirby na Rangi za Waliomfuata

Rangi ni kitu chepesi mkononi na kizito machoni. Mtu huweza kuipaka kwa dakika moja, na mtazamaji akakaa nayo moyoni miaka mingi. Kwa sababu hii, kutia rangi katika picha iliyochorwa na mtu mwingine si kazi ya mzaha. Nayo huzidi uzito pale ambapo mchoraji mwenyewe amekwisha kufariki dunia, hawezi tena kukubali wala kukataa. Ashikaye brashi wakati huo huwa kama msimamizi wa mirathi. Mali si yake, walakini imo mikononi mwake. Aweza kuihifadhi, aweza kuistawisha, na aweza pia kuipoteza huku akidhani kuwa anaipamba.

Jambo hili limedhihirika katika nchi ya Marekani tangu michoro ya penseli ya Jack Kirby ilipoanza kutolewa katika makabati, kupigwa chapa na kutiwa rangi upya. Kirby alikuwa mchoraji wa vitabu vya katuni, yaani hadithi zisimuliwazo kwa picha zilizopangwa katika visanduku, pamoja na maneno machache yaliyofungwa katika viputo. Mashujaa aliowabuni, au aliosaidia kuwabuni, watu warukao angani, wapindao chuma na washindanao na miungu, wajulikana leo katika pembe nyingi za dunia kwa njia ya filamu. Wengi wawajuao mashujaa hao hawaijui penseli iliyowazaa. Kuisherehekea penseli ile kwa rangi mpya ni jambo jema. Illa kila sherehe ina adabu yake, na adabu ya sherehe hii yafaa ipimwe kabla ya ngoma kulia.

Jack Kirby alizaliwa tarehe 28 Agosti, 1917, katika mtaa wa Lower East Side, mjini New York, akaitwa Jacob Kurtzberg. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia kutoka Austria, na baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha nguo. Mtaa ule ulikuwa wa watu maskini, wenye nyumba zilizosongamana na vijana waliotafuta heshima kwa ngumi. Kuchora alijifunza mwenyewe kwa sehemu kubwa, kwa kuiga picha za magazeti. Alipokuwa kijana alipata kazi katika studio ya Fleischer iliyotengeneza sinema za katuni, akaiacha, maana aliona kuwa ni kiwanda kama kile cha baba yake: tofauti ni kuwa huku zilishonwa picha badala ya nguo. Mtu aliyekimbia kiwanda ujanani hakujua kuwa kiwanda kingine kilikuwa kikimngoja utu uzimani.

Mwaka wa 1940 alishirikiana na Joe Simon kumbuni Captain America. Toleo la kwanza la kitabu chake, lenye tarehe ya Machi 1941, lilianza kuuzwa Desemba 1940, na jalada lake lilimwonyesha shujaa huyo akimtandika Adolf Hitler ngumi ya taya. Wakati ule Marekani haikuwa imeingia vitani. Iliingia Desemba 1941. Basi ngumi ya karatasi iliitangulia risasi kwa mwaka mzima. Kirby mwenyewe aliitwa jeshini mwaka wa 1943, akafika Normandy, nchini Ufaransa, Agosti 1944, na baridi kali ya majira yaliyofuata ikamwumiza miguu hata ikawa karibu ikatwe. Vita alivyovichora baadaye havikuwa vya mtu aliyesimuliwa. Miili inayorushwa, ardhi inayopasuka na nyuso zilizokunjamana katika picha zake zilikuwa na ushahidi nyuma yake.

Kuanzia mwaka wa 1961, katika kampuni ya Marvel, yeye na mwandishi na mhariri Stan Lee walitoa kwa miaka michache kundi la mashujaa ambalo halina mfano: Fantastic Four mwaka wa 1961, Hulk na Thor mwaka wa 1962, X-Men na Avengers mwaka wa 1963, Silver Surfer na Black Panther mwaka wa 1966. Nyingi katika kazi hizo alizichora usiku, katika chumba cha chini ya nyumba yake huko Long Island, chumba chembamba ambacho kwa mzaha kiliitwa shimo la wafungwa. Kazi ilitoka upesi, kwa kuwa malipo yalihesabiwa kwa ukurasa na watoto walikuwa wakila kila siku.

Msomaji asiyejua jinsi ukurasa wa katuni ulivyotengenezwa zamani zile hataweza kuifahamu thamani ya michoro inayosherehekewa sasa. Ukurasa ulipita katika mikono mingi. Mchoraji alichora kwa penseli. Mwingine aliandika maneno. Wa tatu alitia wino juu ya penseli, kisha akaifuta penseli kwa raba ili mistari ya wino ibaki peke yake, maana mtambo wa kupiga chapa haukuisoma penseli vema. Wa nne alipaka rangi za maji juu ya nakala ndogo ya ukurasa, na kando ya kila rangi akaandika alama za kuwaongoza watengeneza mabamba. Hao wa mwisho, ambao wengi wao walikuwa wanawake wasiotajwa majina, waliigawa kila picha katika karatasi angavu, moja kwa kila kipimo cha kila wino, hata mabamba yakawa tayari kwa mtambo.

Katika njia hii hapana shaka kuwa mkono mmoja haulei mwana. Lakini matokeo yake yalikuwa mazito: kila ukurasa uliokamilika ulikuwa ni penseli iliyouawa. Mistari halisi ya Kirby, na ule weusi alioukoleza kwa ubavu wa penseli, ilizikwa chini ya wino, kisha mabaki yake yakafutwa. Watu walioyapenda maandishi ya mkono wake tangu utotoni hawakuwa wamepata kuuona mkono wenyewe. Waliona tafsiri yake, na kila mtiaji wino alitafsiri kwa namna yake. Joe Sinnott aliifanya mistari kuwa laini na yenye kung'aa kama chuma kilichosuguliwa. Vince Colletta, aliyetia wino kurasa nyingi sana, alijulikana kwa wepesi wa kumaliza. Na ulinganisho wa nakala za penseli na kurasa zilizopigwa chapa umeonyesha kuwa mara nyingine aliwafuta watu waliosimama nyuma ya picha au akawageuza kuwa vivuli. Kwa insafu yapasa kusemwa kuwa tarehe za kukabidhi kazi zilikuwa kali, na mtu aliyemaliza kwa wakati aliwaokoa wengine. Hata hivyo, mtu aliyechorwa akafutwa hakurudi.

Jambo kubwa zaidi lilitokea mwaka wa 1970, Kirby alipohamia kampuni ya DC na kupewa kitabu cha Jimmy Olsen, rafiki yake Superman. Nyuso alizowachorea Superman na rafiki yake zilichorwa upya na watu wengine, akina Al Plastino na Murphy Anderson, kwa kuwa wakuu wa kampuni walitaka zifanane na sura zilizozoeleka. Mwili ukawa wa Kirby na uso wa mtu mwingine. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi kuliko huu wa kumwalika fundi kwa sababu ya ufundi wake, kisha kumfunika ufundi huo mlangoni.

Kilichookoa sehemu ya urithi huu ni kitu kidogo kisicho na fahari: mashine ya fotokopi. Katika miaka ya 1970 Kirby alianza kuwa na nakala za kurasa zake za penseli kabla hazijapelekwa kutiwa wino. Nakala zile zilikuwa hafifu, nyingine zimefifia, nyingine zina mabaka. Walakini penseli ilionekana ndani yake. Kirby alifariki tarehe 6 Februari, 1994, huko Thousand Oaks, California. Mwaka huo huo John Morrow alianzisha jarida liitwalo The Jack Kirby Collector, na kurasa zake zikaanza kuionyesha dunia penseli ambazo hapo kabla zilionwa na jamaa na watu wa kazi tu. Mashujaa waliodhaniwa kujulikana kabisa walionekana kama wageni. Mistari ilikuwa minene zaidi, vivuli vizito zaidi, na macho ya watu yalikuwa na huzuni ambayo wino uliipunguza.

Ndipo swali la rangi lilipozuka kwa nguvu. Je, michoro hii iachwe kama ilivyo, kijivu na nyeusi, au itiwe rangi? Na ikitiwa, itiwe rangi gani, na kwa amri ya nani?

Wako washikao kuwa iachwe. Husema kuwa rangi mpya ni mkono mwingine juu ya mkono uliokwisha kufunikwa mara nyingi mno, na kuwa heshima iliyo bora kwa marehemu ni kutomwongezea neno. Hoja hii ina uzito, kwa maana asiyekuwepo na lake halipo, na ni rahisi sana kumsemea aliye kaburini. Lakini ina upungufu wake. Kirby hakuichukia rangi. Kwa furaha yake mwenyewe, mbali na kazi ya kiwanda, alizitia rangi picha zake nyingi za mashujaa kwa wino wa maji uliokolea, na rangi alizozichagua zilikuwa kali, zenye kugombana, kama nguo za sikukuu. Alitengeneza pia picha za vipande vya magazeti vilivyobandikwa pamoja, akitumaini kuonyesha dunia zisizoonekana. Lakini karatasi duni na mitambo ya zama zile iliziharibu, nyingi zikatoka kama ukungu. Mtu wa namna hii hawezi kusemwa kuwa alipenda ukimya wa kijivu. Alikuwa na kiu ya rangi kuliko mtambo ulivyoweza kumnywesha.

Tena yafaa ikumbukwe kuwa rangi za zamani, zile ambazo wasomaji wazee huzililia kama rangi za asili, aghalabu hazikuwa za Kirby. Katika miaka ya 1960 rangi za Marvel zilichaguliwa kwa sehemu kubwa na Stan Goldberg, na baadaye Marie Severin akashika kazi hiyo kwa sifa kubwa. Nao hawakuwa huru. Wino ulikuwa wa namna tatu, wa samawati, wa zambarau nyekundu na wa manjano, mbali na mweusi. Kila mmoja ulipigwa kwa vipimo vitatu, cha robo, cha nusu na kizima, au haukupigwa kabisa. Nne mara nne mara nne ni 64. Hizo ndizo rangi zote walizopewa ili wapake mbingu, bahari, moto, ngozi na damu, juu ya karatasi ya gazeti inayonyonya wino kama mchanga unyonyavyo mvua.

Umaskini wa mtambo uliweza hata kubadili kiumbe. Hulk alipotokea mara ya kwanza, Mei 1962, alikusudiwa awe wa kijivu. Kijivu kile hakikushikika: ukurasa mmoja kilikolea, ukurasa mwingine kikafifia. Katika toleo la pili akafanywa wa kijani, na kijani ndicho alichobaki nacho mpaka leo. Watu wamwonao katika filamu hudhani kuwa ukijani wake una siri ya hekima. Siri yake ni kuwa wino wa kijivu ulimshinda mpiga chapa.

Hayo yachekesha. Kuna mengine yasiyochekesha, na hapa ndipo suala la rangi linapoacha kuwa la mapambo na kuwa la haki. Mei 1963 lilitoka toleo la kwanza la kitabu cha hadithi za vita kiitwacho Sgt. Fury and His Howling Commandos, kilichochorwa na Kirby. Miongoni mwa askari wa kikosi hicho alikuwamo Gabe Jones, mpiga tarumbeta, Mmarekani mweusi anayepigana bega kwa bega na wenzake weupe. Katika vita halisi vya mwaka wa 1939 hadi 1945 majeshi ya Marekani yaliwatenga askari weusi na weupe. Kwa hiyo kikosi kile cha karatasi kilikuwa na jambo la kusema. Walakini toleo lilipotoka madukani, Gabe Jones alikuwa na ngozi ya rangi ya waridi kama wenzake. Stan Lee alieleza baadaye kuwa watengeneza mabamba walidhani rangi waliyoagizwa ni kosa. Penseli ilimchora mtu mweusi, wino ukamhifadhi, na rangi ikamfuta. Hapakuhitajiwa mtu wa kuandika neno baya. Ilitosha kutoamini kuwa mtu mweusi aweza kusimama mahali pale.

Matoleo yaliyofuata yalimrudishia rangi yake. Lakini hata pale watu weusi walipopakwa rangi iliyokusudiwa, katika vitabu vingi vya zama zile walitoka na ngozi ya kijivujivu, au kahawia iliyokosa damu. Rangi 64 zilipangwa na watu walioanza hesabu ya ngozi kwa ngozi zao wenyewe.

Kwa msomaji wa Afrika, kisa cha Black Panther chakamilisha somo hili. Mfalme T'Challa wa Wakanda alitokea katika toleo la 52 la Fantastic Four, lenye tarehe ya Julai 1966, naye ndiye shujaa mweusi wa kwanza mwenye nguvu za ajabu katika vitabu vya kampuni kubwa za katuni za Marekani. Hakuwa mtumishi wala mchekeshaji. Alikuwa mfalme wa nchi ya Kiafrika yenye mashine zilizowashangaza wageni, na aliwashinda wageni hao kwa akili kabla ya kuwa rafiki yao. Kabla ya hapo Kirby alikuwa amemchora shujaa aitwaye Coal Tiger, mwenye mavazi ya rangi kali na uso ulio wazi, ukimtazama mtu bila kizuizi. Limebaki pia jalada lililokataliwa la toleo lile la 52, ambamo sehemu ya uso wa Black Panther inaonekana. Katika jalada lililouzwa, kinyago kimeufunika uso wote. Kwa hiyo mtu aliyelishika jalada hilo dukani mwaka wa 1966 hakuweza kujua, kwa kuitazama picha ile peke yake, kuwa aliyeruka mbele yake alikuwa Mwafrika.

Basi mtu anayeuchukua leo mchoro wa zamani wa T'Challa na kuutia rangi mpya kwa kompyuta, ana mamilioni ya rangi pale ambapo Goldberg alikuwa na 64. Aweza kuipa ngozi ile wekundu wa chini, samawati ya kivuli na mng'ao wa jasho, kama ngozi ya mtu aliye hai ilivyo. Akifanya hivyo hamwongezei Kirby kitu ambacho hakukichora. Anamlipia deni ambalo mtambo haukuweza kulilipa. Hii ndiyo fadhila kubwa ya rangi mpya, na waikatao hoja yake kwa kupenda mambo ya zamani yafaa watazame wanapenda nini hasa: mkono wa mchoraji, au mipaka ya kiwanda.

Lakini fadhila haikosi hatari, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kompyuta imewapa watiaji rangi uwezo wa kuonyesha mwanga, moshi, chuma na umbo la msuli kwa rangi peke yake. Wengine hutumia uwezo huo kama mtu aliyepata kipaza sauti akasahau wimbo. Mstari wa Kirby ulikwisha kuonyesha msuli. Rangi ikiuonyesha mara ya pili, misuli miwili hugombana katika mkono mmoja. Kuna vidoa vyeusi vya duara ambavyo Kirby alivirundika kuonyesha nguvu za anga za mbali. Maana ya picha ile imo katika nafasi iliyo kati ya vidoa, si katika vidoa vyenyewe. Mtiaji rangi akiwasha juu yake mwanga wa bandia, nguvu hutoweka na vidoa hubaki kama uchafu.

Msomi aliyepata kushika utenzi wa kale ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu pasipo irabu ayajua mashaka haya. Herufi zimo, lakini irabu hutiwa na asomaye. Naye akiwa mjuzi, neno huamka kama lilivyolazwa, na akiwa mjinga mwenye haraka, huleta neno jingine lenye herufi zile zile. Rangi katika mchoro wa penseli ni irabu. Haiwezi kuandikwa popote apendapo mtu. Mstari umekwisha kuipangia mahali.

Mifano ya kazi hii si michache. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Kirby alichora michoro mikubwa ya majumba, mahekalu na mitambo kwa ajili ya filamu iliyokusudiwa kutoka katika riwaya ya Roger Zelazny ya mwaka 1967, Lord of Light. Filamu haikutengenezwa. Mwaka wa 1980 shirika la ujasusi la Marekani, CIA, liliitwaa hati ya filamu hiyo pamoja na michoro, likaipa jina la Argo, na watu wake wakajifanya watengenezaji wa sinema ili kuwatoa Wamarekani sita waliokuwa wamejificha Tehran. Sanaa isiyopata kuonyeshwa ikawa pasipoti. Miaka mingi baadaye michoro ile ilitiwa rangi mpya na Mark Englert, na majumba yaliyokuwa msitu wa mistari meusi yakapata kina: jicho likajua lipi lipo mbele na lipi lipo mbali. Mwaka wa 2011 Kurt Busiek na Alex Ross walianza kutoa Kirby: Genesis, hadithi iliyojengwa kwa wahusika na michoro ambayo Kirby aliiacha na haki zake zikabaki kwa jamaa yake. Huko mashujaa waliokuwa wamelala katika karatasi moja moja waliamshwa, wakapewa rangi na mwendo.

Kwa upande mwingine, kampuni ya DC ilipotoa mwaka wa 2007 mkusanyo wa hadithi alizoziandika na kuzichora mwenyewe tangu mwaka wa 1970, zile za New Gods na ndugu zake, ilichagua karatasi isiyong'aa, iliyokaribia ile ya gazeti. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Rangi iliyokadiriwa kwa karatasi inayonyonya, ikihamishiwa karatasi nyeupe yenye kumetameta, hupiga kelele. Kuhifadhi si kuiacha rangi peke yake. Ni kuihifadhi pamoja na udongo ilioota ndani yake.

Kutokana na hayo yote, adabu za sherehe hii zaweza kutajwa kwa ufupi. Ya kwanza ni utii kwa mstari: rangi imfuate mchoraji, isimtangulie. Ya pili ni elimu ya zama: anayetia rangi ajue lipi lilikuwa chaguo, lipi lilikuwa uhaba, na lipi lilikuwa dhuluma, maana chaguo huheshimiwa, uhaba huzibwa, na dhuluma huondolewa. Ya tatu ni kuiweka penseli tupu kando ya picha yenye rangi, ili mtazamaji aweze kuhukumu. Mfasiri mwaminifu haogopi matini ya asili kuchapwa ukurasa wa pili. Chema chajiuza.

Ya nne ni kutaja majina, nayo ndiyo iliyo nzito kupita zote, kwa kuwa maisha ya Kirby yalikuwa vita virefu vya jina. Katika miaka ya 1980 kurasa zake za asili zilikuwa mikononi mwa Marvel, naye alitakiwa atie sahihi hati kali kuliko iliyopewa wachoraji wengine ili arudishiwe sehemu yake. Mwaka wa 1987, baada ya wasanii wenziwe kupaza sauti, alirudishiwa kurasa zipatazo 2,000, sehemu ndogo tu ya alizozichora. Baada ya kufa kwake watoto wake walidai haki za mashujaa wale. Mahakama ziliipa ushindi kampuni mwaka wa 2011, na tena katika rufani mwaka wa 2013. Shauri lilipofikishwa mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani, pande mbili zilipatana Septemba 2014, kabla Mahakama haijaamua kama italisikiliza. Tangu hapo jina la Jack Kirby limeandikwa waziwazi mahali ambapo zamani lilikuwa la kubahatisha, na mwaka wa 2017, alipotimiza miaka 100 tangu kuzaliwa, alisherehekewa hata na wale waliorithi kampuni aliyogombana nayo.

Kwa hiyo rangi mpya isiyotaja jina la mchoraji humrudisha Kirby katika shimo lile la wafungwa. Na isiyotaja jina la mtiaji rangi hutenda kosa lile lile kwa mtu mwingine, kama walivyotendewa wanawake waliokata mabamba, ambao mikono yao iliwapa watoto wa nchi nzima bluu ya mbingu na wekundu wa joho, wasipate hata mstari mmoja wa shukrani. Heshima haigawanyiki ikapungua. Mtu amtajaye mwenzake hapotezi chake.

Penseli ni kitu kinyonge: huvunjika, hufifia, hufutwa na raba ya senti moja. Ile ya Kirby ilifutwa maelfu ya mara kwa desturi ya kazi, na bado imewafikia watu waliozaliwa baada ya kufa kwake. Watakaoitia rangi wana uhuru mkubwa kuliko aliokuwa nao ye yote kabla yao, na kwa hiyo wana wajibu mkubwa pia. Wakiufuata mstari, wakaijua historia yake na kuwataja wenye haki, rangi zao zitakuwa nuru iliyowashwa katika nyumba ya mwenyewe. Wasipofanya hivyo, zitakuwa chokaa juu ya maandishi. Na chokaa, hata ikiwa nyeupe na laini namna gani, haisomeki.